Soko Huria ni Lipi? Jibu kwa Mkulima wa Shume

Leo tutazungumza habari ya soko.

Tumepata barua kutoka kwa mkulima wa viazi wa huko Shume, Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Barua yenyewe ni ndefu, nami nitaifupisha. Anasema hivi: kwa miaka mingi ameambiwa kwamba soko la mazao sasa ni huria, kila mtu auze anakotaka na kwa bei anayokubali mwenyewe. Lakini lori likifika kijijini, anayetaja bei ni mnunuzi. Gunia ni la mnunuzi. Na anayesema gunia limejaa au bado halijajaa ni huyo huyo mnunuzi. "Sasa uhuru wangu mimi uko wapi?" anauliza. Halafu anaongeza la pili. Watu wa vipimo wakija na mizani, wanunuzi wanalalamika kwamba serikali inaingilia soko huria. Je, ni kweli?

Maswali haya yanaonekana kuwa mawili, lakini ukiyatazama vizuri utaona ni swali moja. Hebu tulichimbue pole pole.

Kwa wale ambao hawajafika Shume, niwaeleze kidogo. Ni juu kabisa katika milima ya Usambara ya Magharibi. Ukitoka Lushoto mjini unapanda Magamba, unapita Malindi na Lukozi, na baridi inazidi kadiri unavyokwenda. Kuna msitu wa asili wa Magamba na kuna shamba kubwa la miti la serikali. Katikati ya hayo wananchi wanalima viazi mviringo, kabichi, karoti na matunda ya nchi za baridi. Udongo ni mzuri na watu si wavivu. Lakini mzigo wowote wa Shume ukitafuta mlaji wa mjini sharti uteremke: Lushoto, Soni, mpaka Mombo kwenye barabara kuu, halafu ndiyo uende Tanga au Dar es Salaam. Mkulima anayebeba viazi kichwani toka shambani hadi barabarani hawezi kuvifikisha mwenyewe Dar es Salaam. Anamhitaji mwenye gari. Hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

Sasa tuchukue siku moja ya mavuno. Mama mmoja amechimba viazi vyake na kuvirundika pembeni ya barabara. Wingu limejikusanya. Kiazi kikishachimbwa hakina subira: jua likikipiga kinageuka kijani, mvua ikikilowesha kinaoza. Lori linakuja, kijana anashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Leo tunachukua elfu sitini gunia."

"Gunia lipi hilo?"

"Hili hapa mama." Anatupa chini gunia ambalo mdomo wake umeongezewa kipande cha gunia jingine, ili lishonwe kwa kamba juu likiwa na kichwa.

"Mwanangu, hilo si gunia. Hilo ni gunia na nusu."

"Mama, hilo ndilo gunia la sokoni. Kama hutaki si neno, naenda kijiji cha mbele. Kule wananijazia."

Mama anatazama wingu. Anajaza.

Ndugu wasikilizaji, gunia hilo wote tunalijua kwa jina lake: lumbesa. Wengine husema rumbesa. Nimekuleteeni maneno hayo machache ya barabarani kwa sababu jibu lote la barua ya Shume limo ndani yake. Lakini kwanza tupige hesabu, maana mkulima asiyepiga hesabu hupigiwa na mwenzake.

Tuseme mama huyu ana viazi kilo 2,800. Kwa magunia ya kilo 100, hayo ni magunia 28. Kwa shilingi 60,000 kila gunia, anapata shilingi 1,680,000. Lakini kwa lumbesa ya kilo 140, viazi vile vile vinakuwa magunia 20, naye anapata shilingi 1,200,000. Tofauti ni shilingi 480,000. Bei iliyotajwa kwa mdomo ni ile ile, elfu sitini. Bei ya kilo ndiyo imebadilika kimya kimya, toka shilingi 600 ikawa kama 428. Bei hizi nimezitaja kwa mfano tu. Wewe chukua kalamu uweke bei ya kwenu ya wiki hii.

Mnunuzi mjanja atakujibu hapa, na tumsikilize, maana hakosei kabisa. Atasema: "Ninyi mkinilazimisha gunia la kilo 100, mimi sitalinunua kwa elfu sitini. Nitalinunua kwa elfu arobaini na tano." Ni kweli, anaweza kusema hivyo. Gunia likipungua, bei yake nayo huenda ikapungua. Kwa hiyo msidhani kwamba mizani ikifika tu, zile shilingi 480,000 zote zitaingia mfukoni siku hiyo hiyo. Lakini angalieni. Elfu arobaini na tano kwa kilo 100 ni shilingi 450 kwa kilo. Sasa umeiona bei. Unaweza kumpigia simu ndugu yako aliye Dar es Salaam ukamwuliza kilo ya viazi leo ni kiasi gani pale Ilala au Mabibo, naye atakujibu, na majibu yake utayalinganisha na ya kijana wa lori. Ukimwuliza gunia ni kiasi gani, atakujibu pia, lakini majibu hayo hayakusaidii kitu. Gunia la nani? Lenye kichwa au lisilo na kichwa? Bei ya kitu kisichopimwa si bei, ni kauli tu.

Tena lumbesa si tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja. Ina chanzo chake. Mahali pengi nauli ya lori hutozwa kwa gunia. Mpagazi hulipwa kwa gunia. Ushuru nao mara nyingi huhesabiwa kwa gunia, na dalali anachukua chake kwa gunia. Mtu anayelipa kila kitu kwa gunia atataka nini? Atataka magunia machache yaliyo makubwa. Hata ukimleta mtu mwema kabisa katika biashara ile, akianza kununua magunia ya kilo 100, atalipa nauli ya magunia 28 ambapo mwenzake analipa ya magunia 20. Wakifika sokoni, huyu mwema atauza kwa hasara. Mwaka unaofuata ama ataacha biashara ama atashona vichwa kama wenzake.

Na mpagazi je? Kijana wa kupakia mizigo Shume na mwenzake wa kushusha Dar es Salaam wanabeba kilo 140 mgongoni. Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri mwaka 1967 kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Lumbesa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mgongo ule hauandikwi katika hesabu ya mtu yeyote.

Sasa turudi kwa mama wa barabarani. Kwa nini alijaza? Hakushikiwa bunduki, wala hakuna sheria iliyomlazimisha. Alikubali mwenyewe. Wapo watu, tena wasomi, watakaosema: basi hilo ndilo soko huria, watu wawili wamekubaliana. Mimi sikubaliani nao. Mtu yuko huru sokoni pale anapoweza kusema "hapana" na bado akabaki na la kufanya. Mama yule angesema hapana, angebaki na rundo la viazi na mvua juu yake. Na kijana wa lori alijua. Ndiyo maana alisema maneno yale, "naenda kijiji cha mbele." Silaha yake ni hiyo tu. Wala si uongo: kijiji cha mbele watamjazia kweli, kwa sababu nao wanaogopa kwamba wakikataa ataenda kijiji cha mbele yao.

Hapo ndugu zangu ndipo sheria inapopata kazi. Mkulima mmoja hawezi kuikataa lumbesa peke yake. Kijiji kimoja hakiwezi. Hata mnunuzi mmoja mwema, kama tulivyoona, hawezi. Wote wanaweza kukataa kama wote watakataa siku moja, na jambo hilo haliwezekani kwa kuombana. Linawezekana kwa kanuni moja inayoshika Shume, Lukozi, Mlalo, Njombe, Mbeya na Kariakoo kwa pamoja. Kanuni hiyo ipo. Nchi yetu ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iliyotungwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 kuna Wakala wa Vipimo wa kuisimamia. Chini ya sheria hiyo na kanuni zake, mazao ya shamba hayaruhusiwi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100, na mizani ya biashara sharti ikaguliwe na kupigwa alama. Anayevunja hutozwa faini au hufungwa. Na maofisa wa vipimo wamekuwa wakiwaonya wakulima pia, si wanunuzi tu. Kwa hiyo mama yule angeweza kusema: "Mwanangu, mimi ningekujazia, lakini mimi na wewe wote tutapata kesi." Hilo ni "hapana" ambalo halimfukuzi mnunuzi, maana kijiji cha mbele ataambiwa hivyo hivyo. Yaani sheria imemkatalia kwa niaba yake.

Je, hapo serikali imeingilia soko? Haikupanga bei. Haikusema nani anunue na nani asinunue, wala haikumzuia mtu kwenda na viazi vyake popote. Imesema tu kwamba kilo ni kilo.

Wala msidhani jambo hili ni geni. Wazee wa pwani walipopimiana nafaka walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele kimejazwa hadi kufanya kilima, cha mfuto kimepitishwa kijiti juu kikawa sawa. Kibaba ni kile kile, nafaka si ile ile. Lumbesa ni kibaba cha tele cha siku hizi. Na Ulaya yalikuwa hayo hayo. Kule Ufaransa, kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, kila wilaya ilikuwa na vipimo vyake, na makabaila wengi walipopokea kodi ya nafaka walitaka kipimo chenye kilima. Wananchi walipotakiwa mwaka ule kuandika malalamiko yao kwa mfalme, vijiji vingi viliandika jambo hilo: tunataka kipimo kimoja. Mwaka 1795 Ufaransa ikatunga sheria ya mita na gramu, na humo ndimo ilimotoka kilo tunayoitumia leo. Kwa hiyo kilo haikuletwa na mabwana ili kuwasumbua wakulima. Wakulima walikuwa miongoni mwa walioililia.

Lakini sasa nisije nikaeleweka vibaya, mtu akatoka hapa akasema radio imesema sheria zote za soko ni nzuri. Hapana. Wazee wa Shume wanajua zaidi yangu.

Wanakumbuka miaka ambayo mahindi yalikuwa na mnunuzi mmoja kwa mujibu wa sheria. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na nafaka ikawa inanunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, lililojulikana kwa kifupi NMC. Bei ilitangazwa na serikali, moja kwa nchi nzima. Kubeba zaidi ya kilo 30 za nafaka toka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali lilikuwa kosa, na vizuizi viliwekwa barabarani. Mwaka 1984 kiasi hicho kiliongezwa kikawa kilo 500, na mwaka 1987 mpaka huo ukaondolewa kabisa. Niseme haki: bei moja ya nchi nzima iliwasaidia wakulima wa mbali, wa Rukwa na Ruvuma, ambao bila hiyo nauli ingewamaliza. Lakini mkulima aliyekopwa mazao yake na kungoja malipo kwa miezi hakuwa na pa kwenda. Akisema hapana, hakuna mwingine wa kumwuzia, na akimpata kwa siri anaitwa mlanguzi, yeye na mnunuzi wake. Mwaka 1983 kulikuwa na msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi nchi nzima. Waliokamatwa walikamatwa, lakini bidhaa hazikuongezeka madukani kwa sababu hiyo.

Mnaona tofauti? Sheria ya kilo inamwongezea mkulima uwezo wa kukataa. Sheria ya kizuizi ilimwondolea. Zote mbili zinaitwa usimamizi wa soko, na mtu akikuambia anapenda usimamizi au anachukia usimamizi, mwulize kwanza ni upi.

Wala kuondoa sheria peke yake hakuleti uhuru. Teremkeni kidogo toka Shume mpaka Bumbuli kwa wakulima wa chai. Jani bichi la chai likichumwa linatakiwa kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mkulima wa chai hana soko kubwa, ana kiwanda kilicho karibu naye. Kiwanda cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro wa umiliki na uendeshaji, kikakaa hivyo kwa miaka. Hakuna sheria iliyowakataza wakulima wale kuuza kwingine. Walikuwa huru kabisa katika karatasi. Lakini chai iliota ikawa vichaka mashambani. Zao lenye mnunuzi mmoja, awe ni wa serikali au ni wa mtu binafsi, linahitaji mkataba wa maandishi na mtu wa kuusimamia, tena linahitaji zaidi kuliko viazi. Viazi angalau vina malori mawili matatu.

Kuna jambo jingine linalomfunga mkulima wa Shume ambalo mizani haiwezi kulitibu, nalo ni mali kauli. Mzigo unaondoka, fedha zitakuja baadaye. Dalali anauza mjini, kisha anapiga simu: soko limekufa, nusu imeoza, tumebakiwa na hiki. Mkulima hana namna ya kujua. Inawezekana ni kweli, maana viazi huoza na bei huanguka. Inawezekana si kweli. Siwachukii madalali. Mtu anayefahamu wanunuzi mia moja wa mjini anafanya kazi, naye anastahili kulipwa. Ila kazi yake ilipwe kwa kiwango kinachojulikana, na mauzo yaandikwe: kilo ngapi zimeuzwa, kwa bei gani, siku gani. Kama hamna karatasi, ushahidi wenu ni upi mbele ya baraza lolote? Simu ya mkononi imesaidia sana hapa. Mkulima anayepiga simu kwa watu wawili tofauti kabla ya kupakia tayari ana nguvu kidogo ambayo baba yake hakuwa nayo. Nasema kidogo, kwa sababu kujua kwamba unapunjwa huku huna gari ni nusu ya dawa tu.

Sasa niseme na upande wetu, maana barua ya Shume haikuligusa hili. Wanunuzi nao wana barua zao. Wapo wakulima wanaoweka viazi vikubwa juu na chini, na katikati wanajaza vile vidogo vya kulishia nguruwe. Wapo wanaoacha udongo umeshika ili uzito uongezeke. Wengine huchimba viazi kabla havijakomaa kwa kukimbilia bei, ngozi inachubuka njiani, mzigo unafika umeharibika. Mnunuzi aliyeumwa hivyo mara mbili atatafuta namna ya kujilipa, na namna rahisi ni kichwa cha lumbesa. Tukidai kilo halali, na tutoe viazi halali.

Kwa jirani zetu wa Kenya mambo ya viazi yanafanana na yetu. Huko nako magunia yaliongezwa vichwa, na kwa kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 wameweka kifungashio kisizidi kilo 50. Nusu ya yetu. Mimi naona wamefanya vizuri kwa sababu ya mgongo wa mpagazi, na pia kwa sababu gunia dogo ni gumu kulidanganyia. Lakini kuandika kanuni si kuishika. Kaunti moja ikikaza, wanunuzi wanahamia kaunti jirani ambako hawaulizwi. Mnaikumbuka ile "naenda kijiji cha mbele"? Ni hiyo hiyo, ila imekua ikawa ya mkoa mzima. Hata kwetu, msako wa lumbesa hufanywa kwa siku chache, magari yanakamatwa, picha zinapigwa, kisha mambo yanarudi. Kanuni inayoshikwa siku tatu kwa mwaka inamwumiza yule aliyeitii, kwa kuwa siku zilizobaki anashindana na wasioitii.

Basi, ndugu yetu wa Shume, ufanye nini wiki hii, kabla serikali haijafanya yake?

La kwanza ni mizani. Mizani ya kijiji si lazima iwe ya serikali. Wakulima ishirini wakichanga wanaweza kuwa na yao, au chama chenu cha ushirika kiwe nayo. Ipelekwe ikakaguliwe na kupigwa alama ya mwaka huo. Mizani isiyo na alama ikileta ubishi mtashindwa. Kabla ya kupima, hakikisheni mshale umesimama kwenye sifuri. Pimeni gunia tupu kwanza, mlitoe katika hesabu. Na yeyote anayepima, mwenzake asome kwa sauti na mwingine aandike. Najua wengine wataona haya ni mambo madogo. Viazi vinaliwa na haya mambo madogo.

La pili ni mahali. Mkulima anayeuzia pembeni ya shamba lake anakutana na mnunuzi mmoja. Mkikubaliana kuuzia mahali pamoja, siku moja, kama mnavyofanya kwenye gulio, malori mawili au matatu yatakutana hapo, na wanunuzi wataanza kutazamana wao badala ya kukutazama wewe. Hata bila sheria mpya, hilo tu linabadilisha mazungumzo. Lakini hapa panahitaji uaminifu wenu ninyi wenyewe. Kila safari kuna mmoja anayepenya usiku na kumwuzia mwenye lori kwa siri. Nanyi mnamjua.

La tatu linahusu halmashauri. Ombeni katika mkutano wa kijiji, na diwani wenu apeleke mbele, kwamba ushuru wa mazao utozwe kwa uzito au kwa thamani, usitozwe kwa gunia. Katika bajeti ya mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru huo toka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Asilimia ni ya thamani ya mazao. Halmashauri ikihesabu magunia getini bila kupima, inamzawadia mwenye lumbesa kwa mkono wake yenyewe, halafu ofisi nyingine inatumwa kumkamata. Jambo hili linaweza kurekebishwa hapo hapo wilayani, bila kungoja mtu wa Dodoma.

Kuhusu swali lako kama kuripoti lumbesa kutakuletea chuki ya wanunuzi, sitakudanganya. Ukiripoti peke yako, kutakuletea. Mzigo wako utapitwa. Ndiyo sababu nasema jambo hili lipitie serikali ya kijiji, kwa muhtasari wa mkutano, wenye sahihi za wengi, upelekwe kwa ofisi ya vipimo ya mkoa huko Tanga. Wazee watakumbuka habari za Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya udongo, watu wakalazimishwa kulima matuta ambayo wengi hawakuona faida yake, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa kwa sababu wananchi waliukataa. Waliukataa pamoja. Milima hii inajua kukataa kwa pamoja inapotaka, na safari hii kinachokataliwa ni kipande cha gunia kilichoshonwa juu ya gunia jingine.

Umeuliza pia habari ya mbegu za viazi na ugonjwa wa mnyauko. Hayo yanahitaji siku yake, tutayaleta katika mazungumzo mengine. Wanaouza viazi kwa lumbesa huko Njombe na Mbeya nao watuandikie: nauli kwenu inatozwa kwa gunia au kwa kilo? Na kama kuna kijiji kilichokwisha kununua mizani yake, kituambie iligharimu kiasi gani na nani anaitunza.

Kwa leo muda wetu umekwisha. Kwaherini.